Kiti cha Winchi

"Usiguse kitu huko nyuma, mzee," sauti ya nahodha ilisema kwenye simu ya ukutani. "Leo tunapanda moja kwa moja. Nanga haina kazi."

"Nimesikia," alijibu mzee huyo, waliyemwita Breki kwa kazi yake, akaitundika simu.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha chuma nyuma ya winchi, miguu yake ikikanyaga mahali palepale palipotoka rangi kwa viatu vyake mwenyewe. Mbele yake palikuwa na pipa la winchi lililozungushiwa waya mnene kama mkono wa mtoto, halafu ukingo wa tezi, sehemu ya nyuma kabisa ya meli, halafu bahari. Nyuma ya mgongo wake ilikuwa meli nzima, na mbele ya meli ulikuwa ufukwe ambao hakuuona.

Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Meli hii ilijengwa ili ijipandishe yenyewe ufukweni, ifungue mdomo na kuwatema askari na magari yao, ndiyo maana mabaharia waliiita Kiboko. Lakini kiboko akishapanda lazima arudi majini, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya nanga ya nyuma. Iliangushwa mbali, kabla tumbo la meli halijagusa mchanga, ili baadaye winchi ivute waya na kuing'oa meli kinyumenyume. Aliyekaa kwenye kiti kile aliitazama bahari. Nchi kavu aliipa kisogo.

Mitambo ilinguruma. Povu lililotoka chini ya tezi lilikuwa jeupe, kisha likaanza kuchanganyika na rangi ya chai ya maziwa. Breki alijua maana yake. Mchanga ulikuwa umekaribia. Kiti kilitetemeka chini yake, kidogo tu, mtetemeko ambao mtu mwingine asingeuhisi, na hapo mkono wake ukatangulia akili. Ulishika gurudumu la breki, ukalifungua.

Nanga ilianguka. Waya ulitoka ukipiga kelele, kutu ikiruka kama vumbi la mahindi, na Breki, kama mtu aliye usingizini, akahesabu moyoni na kuanza kukaza taratibu, kaza, legeza kidogo, kaza, hadi meli ikagusa chini kwa upole na kusimama.

Ilisimama mahali pasipotakiwa. Simu ikalia.

"Mzee! Umefanya nini?"

"Nimeangusha nanga."

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia nisiguse."

"Sasa?"

"Nimegusa."

Upande wa pili ikasikika sauti ya fundi mitambo, mstaafu mwenzake, akicheka mpaka akakohoa. "Mwache, nahodha. Huyu hata siku ya kuzikwa ataangusha nanga kwanza."

Breki hakucheka. Aliutazama mkono wake uliobaki juu ya gurudumu, akauondoa, akaupangusa kwenye suruali ingawa haukuwa na uchafu.

Jeshi lilikuwa limeiuza Kiboko kwa wakata vyuma, waivunje ufukweni. Umeme wa winchi ulikwishakatwa, lakini breki haihitaji umeme. Nahodha wa kukodi alihitaji watu wanaoijua mitambo ya zamani, akampata fundi, na fundi akasema haji bila Breki. "Sina kazi ya kumpa," nahodha alisema. "Mpe kiti chake," fundi alijibu. "Hatakusumbua."

Miaka yote ya utumishi wake Kiboko ilibeba kila kitu. Ilianza na vifaru na askari wenye nyuso zilizopakwa masizi. Vita vilipotulia ikabeba saruji, madawati ya shule, masanduku ya kura, na mara moja ng'ombe waliochafua sitaha ya magari kiasi kwamba mabaharia walikula juu, kwenye upepo, kwa wiki nzima. Mafuriko yalipokuja ilibeba watu waliokaa juu ya paa. Watu mtaani walipomuuliza Breki nchi alizoziona, aliwaambia ukweli, kwamba aliona maji. Wakamcheka. Walisema ameizunguka dunia kinyumenyume kama kaa. Alikuwa akicheka nao, zamani, wakati mdogo wake alipokuwa anakuja jioni kuwasimulia yaliyokuwa upande wa pili.

Mdogo wake alikuwa mtu wa ulimi. Ulimi lilikuwa lile daraja la chuma lililoshuka kutoka mdomoni mwa meli mpaka mchangani, na watu wake ndio waliotangulia kushuka na mti wa kupimia kina, na ndio waliokuwa wa mwisho kupanda. Ndugu wawili kwenye meli moja, mmoja omoni mbele, mwingine tezini nyuma. Mama yao alikuwa akisema amewagawa ili bahari isimchukulie wote kwa mkupuo mmoja.

Ilimchukua mmoja. Ulikuwa mji mdogo wa pwani uliokuwa ukipigwa mizinga, na Kiboko ilitumwa kuwachukua raia. Mdogo wake alisimama majini akishika kamba ambayo kina mama waliishikilia kufika ulimini. Maji yalikuwa yanakupwa. Simu ilipolia tezini, amri ilikuwa neno moja, nalo lilikuwa vuta. Breki alivuta. Meli iling'oka, ikarudi, ikaelea, na alipotembea mpaka mbele alikuta watu wamekaa wamelowa, watoto wanalia, na wenzake wa ulimini hawamtazami usoni. Mji ulitekwa jioni ileile. Jeshi lilisema amepotea kazini. Mwili haukurudi. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi mitatu.

Mimba hiyo sasa alikuwa msusi mwenye chumba chake cha kusukia, na mwezi ujao alikuwa anaolewa.

Wiki moja kabla ya Kiboko kupandishwa ufukweni, Breki alikwenda kwa shemeji yake, mama wa binti huyo. Mwanamke huyo alikuwa dobi, akifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba za wageni, na chumba chake kilikuwa na joto na harufu ya sabuni. Hakumkaribisha kukaa. Alimpa pembe mbili za shuka, yeye akashika pembe nyingine mbili, wakaanza kukunja, wakitazamana kwa urefu wa shuka na kukaribiana kila mkunjo.

"Shemeji," Breki alisema, "binti ameniomba nisimame mahali pa baba yake."

"Ameniambia."

"Na wewe unasemaje?"

"Nyanyua, linaburuta."

Alinyanyua. Walikunja shuka lile, wakachukua jingine.

"Nitakuuliza kama nilivyokuuliza mwaka ule," mwanamke alisema. "Ulimwona au hukumwona?"

"Kiti kinatazama bahari."

"Macho hayana pazia, shemeji. Meli moja, tumbo moja mlilotoka, halafu useme hukuona?"

"Sikuona. Ukikaa pale huoni chochote ila maji."

"Sijui. Sijawahi kukaa. Enzi za jeshi mume wangu nilimuaga getini, bunduki ya mlinzi imesimama kati yetu." Alizichukua pembe kutoka mikononi mwa Breki, wakawa wamesimama karibu sana, na bado hakumtazama. "Sasa nasikia meli imeuzwa, haina geti. Nionyeshe hicho kiti. Nikikaa nikaona maji matupu, utasimama na mtoto, na mimi nitakuwa wa kwanza kukupisha njia. Nikiona kingine, hata mlangoni kwangu usifike."

"Utaona maji," Breki alisema.

Aliposema hivyo hakuwa na shaka yoyote.

Sasa ulimi ulikuwa umeshuka. Kwa kuwa meli ilisimama mbali, ncha yake iliingia majini badala ya kugusa mchanga mkavu, na msimamizi wa wakata vyuma alikuwa amesimama pale, maji yakimfika magotini, akirusha mikono.

"Nani ameangusha nanga? Nimesubiri maji makubwa ya bamvua mwezi mzima nipandishiwe meli hadi juu kule, mnaniachia mlangoni mwa bahari! Mitungi yangu ya gesi nitaibeba kichwani?"

"Maji yatakupwa," fundi mitambo alimwambia. "Mchana huu utatembea kwa kandambili."

"Na kesho yakijaa?"

"Kesho utaogelea. Mazoezi mazuri kwa tumbo hilo."

Vijana wa kukata vyuma walicheka, msimamizi naye akashindwa kujizuia, akacheka huku akitukana. Breki aliwapita. Alikuwa amewaona, mama na binti, wamesimama mchangani na viatu mkononi.

"Ba'mkubwa, umetuwekea bwawa!" binti alipaza sauti.

"Mkono uliponyoka, mwanangu. Subirini maji yapungue."

Lakini shemeji yake hakusubiri. Alikusanya gauni lake kwa mkono mmoja, akaingia majini. Alitembea polepole, akipapasa kwa nyayo, na maji yakampanda magotini, yakashuka, yakampanda tena. Breki alitembea mpaka ncha ya ulimi, akanyoosha mkono. Mwanamke aliutazama ule mkono. Kisha akashika mnyororo uliokuwa ukining'inia pembeni, akapanda mwenyewe.

Alisimama pale akichuruzika.

"Hapa ndipo alipokuwa anasimama?"

"Hapo. Akishuka wa kwanza."

"Na kupanda wa mwisho."

"Ndiyo."

Aliinama akakigusa kile chuma kwa viganja vyote viwili, kama anavyogusa pasi kujua kama imepata moto. Binti aligeuka pembeni akajifanya anakamua pindo la gauni lake.

Walipita ndani ya sitaha ya magari, refu na tupu kama soko siku ambayo halifunguliwi. Sakafuni kulikuwa na pete za chuma za kufungia magari, na ukutani mtu alikuwa ameandika kwa chokaa, zamani, MATAPISHI NI NDOONI. Binti aliyasoma, akacheka peke yake, sauti ikaenda ikarudi. Walipanda ngazi, wakapita jiko lililong'olewa sinki, wakapita vyumba vya kulala, vitanda vitatu vitatu. Hakuna aliyeuliza kipi kilikuwa cha nani.

Walipofika tezini, upepo uliwapiga usoni.

"Ni hiki," Breki alisema.

Kilikuwa kiti kidogo kuliko alivyotegemea mwanamke, hilo lilionekana usoni mwake. Chuma kilichopinda, hakina hata mto. Alikaa. Miguu yake iliyolowa haikufika vizuri pale palipotoka rangi. Aliweka mikono mapajani, akatazama.

Mbele yake palikuwa na bahari. Waya ulitoka kwenye pipa, ukapita ukingoni, ukazama. Hakukuwa na kingine. Ndege mmoja alikuwa amekaa juu ya maji, akipandishwa na kushushwa, hana hili wala lile. Mwanamke alikaa muda mrefu, na kadiri alivyokaa mabega yake yalikuwa yanashuka, na Breki, aliyesimama kando yake, alihisi kitu kifuani kikianza kulegea, kitu alichokuwa amekizoea kiasi cha kudhani ni sehemu ya mwili wake.

"Kweli ni maji," mwanamke alisema kwa sauti ndogo.

Binti alimshika mama yake begani. Pengine ni ule mguso uliomfanya ageuze kichwa, kumtazama mwanawe. Shingo yake ikabaki imepinda. Hakuwa anamtazama binti. Alikuwa anatazama nyuma yake.

"Shemeji," alisema. "Njoo uone."

Breki aliinama mpaka kichwa chake kikawa sawa na cha mwanamke. Kati ya bomba la moshi na mguu wa kreni palikuwa na upenyo mwembamba, kama mlango ulioachwa bila kufungwa vizuri, na ndani ya upenyo huo, mbali, paling'aa kipande cha mchanga. Kijana wa kukata vyuma alipita pale akiwa amebeba mpira wa gesi begani. Alionekana kwa ukamilifu, hata kofia yake. Kisha akatoka kwenye upenyo, akawa hayupo.

Breki alinyooka.

"Kreni hii," alisema, "sijui kama... ilikuwa hapa tangu zamani. Ndiyo. Ilikuwa hapa."

"Miaka yote hukuwahi kugeuka?"

"Anayevuta hageuki. Waya ukikatika unarudi kama kisu. Mwenzangu aliyenifundisha kazi hii aligeuka mara moja tu, kuitikia jina lake. Ulimwondolea mkono na sikio." Alijisikia akiongea haraka, kama mtu anayefukuzwa, akajizuia. "Hatugeuki, shemeji. Ndiyo kazi yenyewe."

"Hata siku ile?"

Fundi mitambo alikuwa anapiga chuma mahali fulani chini. Kishindo kilipanda kupitia miguu ya kiti.

"Siku ile nilitaka," Breki alisema. "Simu iliposema vuta, niliuliza kama watu wa ulimi wamepanda. Wakasema vuta, tunakwama. Nikauliza tena. Wakakata simu." Alitazama pipa la winchi. "Nilikuwa nasikia watoto wanalia ndani ya meli mpaka huku nyuma. Nilijua nikigeuka sitavuta."

"Kwa hiyo hukugeuka."

"Sikugeuka."

"Kama ungegeuka ungemwona."

"Sijui. Naapa, mpaka dakika hii nilidhani kuna chuma tu."

Binti alikuwa analia bila sauti, akijifuta kwa mgongo wa mkono. "Mama," alisema, "inatosha. Twende nyumbani."

Mwanamke hakusogea kitini. Alikuwa bado amepinda shingo, akitazama kule kwenye upenyo. Kwa muda alionekana kama anasikiliza badala ya kutazama.

"Nenda ukasimame pale," alisema.

"Wapi?"

"Pale alipopita yule kijana. Nenda, nione angeonekana mpaka wapi."

"Nitakwenda naye," binti alisema.

"Wewe simama hapo ukingoni, uniitie. Upepo huu hautampelekea sauti yangu. Mwache aende mwenyewe."

Breki alishuka ngazi. Alipita vitanda, akapita jiko, akapita sitaha ndefu ya magari ambako hatua zake zilimfuata kama za mtu mwingine. Msimamizi alimwona akamwambia kitu kuhusu nanga, naye akaitikia kwa kichwa bila kusikia. Mwishoni mwa ulimi aliingia majini na viatu vyake. Maji yalikuwa yamepungua kidogo. Alitembea mpaka mchangani, akageuka, na kwa mara ya kwanza aliiona Kiboko kwa mbele, mdomo wazi, namba yake kubwa iliyokwajuka, ikiwa imekaa ufukweni kama walivyoiona watu wa miji ile yote.

Kwenye ukingo wa juu, mdogo kama kidole, binti alikuwa anapunga mkono.

"Anasema nenda kushoto!"

Alikwenda kushoto.

"Zaidi! Zaidi, ba'mkubwa! Hapo! Simama!"

Alisimama. Alitafuta kule juu, kati ya bomba na kreni. Paliweza kuwa na mtu pale. Paliweza kuwa kivuli tu. Alivua kofia yake ili ajulikane, kisha akaona aibu kuvua kofia, lakini hakuirudisha. Vijana wa kukata vyuma waliacha kazi wakamtazama. Mmoja aliuliza mzee anafanya nini, na fundi mitambo, aliyekuwa ametoka kupata hewa, akamwambia afunge mdomo.

Mawimbi madogo yalikuja, yakarudi.

"Anasema tembea!" Sauti ya binti ilitetemeka na upepo, au ilitetemeka yenyewe. "Tembea kuja melini!"

Breki alitembea. Mchanga mkavu, kisha mchanga mzito, kisha maji kwenye viatu, kwenye kifundo, kwenye goti. Alitembea kama mtu anayewahi, kwa kuwa ndivyo mtu angetembea siku kama ile. Alikuwa bado hajaufikia ulimi aliposikia sauti.

"Hakuoni tena! Umeshatoka!"

Alisimama majini. Alijaribu kukumbuka ameonekana kwa hatua ngapi, akashindwa, hakuwa amezihesabu. Aliinua macho. Binti alikuwa ameinama kuelekea nyuma, kule kitini, anasikiliza. Kisha akageuka.

"Anasema rudia."

"Nini?"

"Rudia! Kutoka mwanzo!"

Breki alirudi mpaka pale mchanga ulipokuwa mkavu. Suruali yake ilikuwa imemganda miguuni. Alivuta pumzi, akaigeukia meli, akaanza tena kuyaendea maji, safari hii taratibu, akiinua mguu mmoja baada ya mwingine kama mtu anayepita katikati ya waliolala.